Wanaadamu wa Adam

Mji huu unaitwa Adam.
Ukiupita, lami hunyooka mpaka Haima
na hakuna tena mtende, ila nguzo za umeme
na ngamia aliyesimama kama mtu aliyesahau alichokifuata.
Nafundisha bayolojia hapa, darasa la kumi,
wasichana thelathini na mmoja, wote wanaadamu
mara mbili.

Jumanne, Thureya binti Zahran, wa dawati la dirishani,
hakuinua mkono. Aliuliza tu, kama anayeomba kifutio:
"Mwalimu, na imani nayo imeota mwilini,
kama magego ya mwisho?"
Kengele ikaniokoa. Nikasema, kesho.
Kesho yake nikafundisha figo.

Usiku umeme ukakatika.
Kiyoyozi kikakohoa, kikanyamaza, na katika ukimya ule
kitu kikakwaruza mlango wa stoo.
Mama alisema "Bismillahi" kabla sijavuta pumzi,
nami, mwenye shahada, nilikuwa nimeshasimama juu ya godoro.
Alikuwa paka wa jirani na kipande cha papa mkavu.

Tukacheka. Lakini sikulala.
Nilimwona yule wa kale, nyikani, hana jina bado.
Majani yametikisika.
Mwenzake akasema: ni upepo.
Mwenzake alisema kweli mara tisini na tisa.
Ya mia alikuwa chui.
Sisi si kizazi cha msema kweli yule.
Sisi ni vijukuu vya aliyekimbia,
aliyesikia "nani" palipokuwa na "nini",
na damu yake ndiyo iliyonipandisha godoroni.

Basi ndilo jibu? Nimwandikie Thureya ubaoni
kwamba Mola ni mtikisiko wa majani?
Wino ungenikaukia.

Maana kuna na falaji.
Kabla ya saa za mkono, zamu za usiku zilipimwa kwa nyota:
nusu saa yangu, nusu saa yako,
giza totoro, kizibo cha matope, jembe moja.
Nani angejua ukichelewa kuziba kwa pumzi kumi?
Mitende ya jirani haina ulimi.
Vijiji vilivyoamini kwamba yuko Aonaye
vililala usingizi, vikavuna.
Vingine nimeviona njiani: kuta bila paa,
mfereji umejaa mchanga.
Au pengine ulikuwa ukame tu.
Siwezi kula yamini juu ya magofu.

Nikamweleza mama haya yote akichagua mchele.
Mama alizaliwa Wete, akaletwa huku ana miaka tisa;
anasali kwa Kiarabu, anaomba kwa Kiswahili.
Alinisikiliza mpaka mwisho.
"Kwa hiyo kiu imo mwilini."
"Imo."
"Na maji, je, hayapo?"
Nikadhani amenimaliza.
Kisha nikaikumbuka barabara ya Haima saa saba mchana,
ziwa zima linameremeta juu ya lami,
na mwenye kiu ndiye wa kwanza kuliamini.
"Mazigazi nayo yapo, mama."
Akapepeta. Kokoto moja ikaruka nje ya ungo.
"Yapo," akasema. "Sogeza miguu, unanizibia mwanga."

Leo nimewaambia niwezavyo:
yule wa majani, wale wa falaji.
Sikusema kama nyuma ya majani palikuwa na mtu.
Thureya ameandika kila neno,
akaacha mstari mmoja mtupu, akapiga nukta mwishoni mwake.
Nilitaka kumuuliza ni wa nini.

Adhana ya adhuhuri ikaingia dirishani
na shingo thelathini na moja zikageuka kidogo,
na yangu, ya thelathini na mbili,
kabla sijaiambia.